Kipanya cha Mbegu

Katoni ilitoka dukani kwa Mama Kwamboka,
bado inanuka sabuni ya kipande.
Nikaitoboa dirisha kwa kisu cha jikoni
nikawaambia: hiki ndicho kiwambo.
Halake akachungulia kutoka upande wa pili,
akaniona, akacheka: "Mwalimu, uko ndani!"

Chekechea yetu ya Kariobangi ina waya wa stima;
stima yenyewe huja ikipenda.
Basi kompyuta tunaifundisha kwa gundi,
gundi ya unga niliyoikoroga alfajiri
nyepesi kama uji wa mgonjwa.

Vizibo vya soda tuliviokota wiki nzima,
nyuma ya vioski, uwanjani baada ya harusi ya watu,
tukaviosha, tukavigonga kwa jiwe vikalala bapa,
juu ya kila kimoja herufi ya wino mzito.
Q jirani ya W, sijui kwa nini, msiniulize.
Wakaniuliza.
Nikasema aliyezipanga hakufundishwa alfabeti.
Mumbua akamhurumia.

Rula iliyovunjika ikawa kitufe cha nafasi,
"kile kirefu," nikasema, "cha kupumua kati ya neno na neno."
Mogaka, ambaye akisimulia hapumui,
akapewa kazi ya kukibonyeza.

Kumbukumbu ndiyo iliyotusumbua.
Nilileta kasha la kiberiti, tupu, nikasema:
humu kompyuta huweka kile isichotaka kukisahau.
Wakanyamaza. Kisha wakaanza kuleta:
kifungo cha shati, unyoya wa kuku,
jino la maziwa la Mogaka, likiwa na damu kidogo.
Halake hakuwa na kitu.
Alilifungua kasha upenyo tu, akanong'ona,
akalifunga upesi kwa kidole gumba.
Sikumwuliza alichosema.

Alhamisi herufi N haikuwepo.
Tulipekua chini ya mikeka, tukakung'uta viatu.
Nekesa alikaa kimya kuliko asiye na hatia,
na mfuko wa sweta yake ukalia kling.
Nikajifanya nimesikia mvua.

Kesho yake mwalimu mkuu akatufungulia ofisi
ambamo kompyuta ya kweli imekaa tangu Januari,
imefunikwa kitambaa cha kufuma
kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia avue koti.
Watoto wakaizunguka, mikono nyuma.
Hawakushangaa. Waliikagua
jinsi fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenziwe.
"Kiwambo," wakasema. "Kibodi. Kile kirefu."
Mumbua akainama kutafuta jina la aliyeitengeneza,
maana sisi tumeandika yetu chini ya katoni,
yote ishirini na saba, hata ya walioshika gundi tu.
"Huyu aliona haya," akasema.
Halake akataka kujua kiberiti kiko wapi.

Nekesa akanyoosha kidole, akabonyeza,
akasahau kukiinua.
nnnnnnnnnnnnnnnnnnnnnnnn
Zikakimbia hadi ukingoni, zikashuka mstari,
zikaendelea na safari yao.
Mwalimu mkuu akasimama nusu.
"Mwalimu," Nekesa akaniita kwa sauti ya ndani ya shati,
"imenijuaje?"

Jumatatu kizibo kilikuwa mahali pake,
na alama za meno pembeni.

Na kipanya? Kipanya chetu ni mbegu ya parachichi,
mkia wa katani, macho mawili ya pini.
Kilikaa dirishani tangu mvua za Aprili,
pale bati linapovuja, kila mtu akikisahau.
Leo nimekikuta kimepasuka tumbo,
na kitu cheupe kimechomoza, kimejipinda, chenye unyevu.
Wanabishana. Nekesa asema ni mkia wa pili.
Mumbua asema hapana, kinazaa, tusikiguse.
Mogaka, bila kupumua, asema tukipande tu
tuone kama kitatoa kompyuta au parachichi
na kwamba yeye vyovyote vile atakula.

Sijawajibu.
Natafuta kopo, na udongo kidogo,
na mtu wa kushika gundi.